Import Inayofutika Yenyewe: Jinsi ya Kumnasa Mhusika

Mnaandika programu wawili kwenye mradi mmoja wa TypeScript, mmoja yuko Gesima, Nyamira, mwenzake Nairobi. Wa Gesima analalamika kwamba VS Code inamfutia mistari ya import aliyotoka kuiandika. Wa Nairobi akijaribu, haoni kasoro. Tena hutokea zaidi alasiri, mvua ya Nyamira ikianza na mtandao wa simu kusuasua, basi lawama zote zinauangukia mtandao. Mtandao haufuti msimbo. Ila hilo la alasiri liweke akilini.

Hatua ya 1. Usiguse mpangilio wowote kwanza. Fungua faili yenye tatizo, kisha sehemu ya Timeline. Tangu 2022 kihariri hiki huweka humo nakala za faili inapohifadhiwa, pamoja na saa. Linganisha nakala zinazofuatana ujue mstari ulitoweka lini. Kisha muulize mwenyewe alikuwa anafanya nini dakika ile. Usimuulize alibonyeza nini. Huenda hakubonyeza chochote.

Hatua ya 2. Linganisha mipangilio ya laptopu zote mbili, na hapa usiharakishe. Faili ya .vscode/settings.json husafiri na mradi kupitia Git, kwa hiyo nyote mnayo. Mipangilio binafsi haisafiri nayo. Tafuta editor.codeActionsOnSave: ikiwa source.organizeImports imewekwa "always", import zisizotumika huweza kufutwa hata faili inapojihifadhi yenyewe. Kisha tazama files.autoSave. Ikiwa "afterDelay", usafi huo haufanyiki kabisa faili ikijihifadhi. Ikiwa "onWindowChange", hufanyika kila unapotoka kwenye dirisha la kihariri. Nusu ya tatizo imo kwenye mradi, nusu kwenye laptopu ya mtu mmoja. Ndiyo sababu Nairobi hawaioni.

Hatua ya 3. Sasa irudie kwa makusudi. Andika import ambayo hujaitumia popote. Usibonyeze Ctrl+S. Hamia kwenye kivinjari kwa Alt+Tab, halafu rudi. Imetoweka? Basi hata alasiri imejieleza: mtandao ukisuasua, mtu hutoka kila mara kuangalia kama ukurasa umefunguka, na kila akitoka faili inajihifadhi kabla hajaitumia import yake.

Hatua ya 4. Badilisha "always" iwe "explicit". Usafi utafanyika unapohifadhi kwa mkono tu. Wapo wanaouzima kabisa, lakini naona ni kutupa chombo kizuri kwa kosa la mpangilio.

Hatua ya 5. Kama import haikutoweka katika hatua ya 3, endesha Start Extension Bisect kutoka orodha ya amri. Huzima viongezi nusu kwa nusu hadi kibaki kimoja. Chunguza pia source.fixAll, maana ESLint nayo inaweza kufuta kupitia mlango huo.

Kwenye Python mtuhumiwa wa kwanza ni Ruff, kanuni F401. Import inayohitajika ili faili isomwe tu, kama signals za Django, iwekee # noqa: F401 mwishoni mwa mstari.