Kwa Nini Chipukizi Huelekea Mwangaza?

Wengi hudhani kuwa mwangaza ndio uuvutao mche. Sivyo. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kuwa ncha za vichipukizi vya nyasi zilipofunikwa, vichipukizi havikupinda, ijapokuwa chini vilikuwa wazi. Basi ncha ndiyo ihisiyo, na chini yake ndipo papindapo. Ni nini kipelekacho habari? Mwaka 1926 Mholanzi Frits Went alithibitisha kuwa ni kitu kishukacho kutoka nchani, nacho ni homoni iitwayo auksini. Hiyo huzidi upande wa kivuli, chembe za huko zikarefuka zaidi, na chipukizi likainamia mwangaza.

Usikubali kwa kusikia tu. Otesha mahindi karibu na dirisha, uzivike baadhi ya ncha kofia za karatasi nyeusi, kisha utazame. Dhana si elimu.