Fimbo Inapochimba Udongo Kabla ya Mpira

Mchezaji wa gofu anayechimba udongo kabla ya mpira, au anayeukwaruza mpira juu ukaenda ukitambaa, mara nyingi ana tatizo moja: sehemu ya chini kabisa ya swingi yake iko nyuma ya mpira. Kwa fimbo ya chuma inapaswa kuwa sentimita chache mbele, upande wa shabaha. Mpira kwanza, nyasi baadaye.

Achore mstari kwenye mchanga wa banka ya mazoezi, asimame mstari ukiwa katikati ya miguu, kisha apige bila mpira. Alama ikianza nyuma ya mstari, uzito umebaki mguu wa nyuma. Anayetumia mkono wa kulia auhamishie mguu wa kushoto mapema, fimbo ikianza tu kushuka, na amalize kifua kikitazama shabaha, kisigino cha kulia kikiwa hewani.

Kosa jingine, tena la kusikitisha kwa kuwa hutokana na nia njema, ni kuuchota mpira kwa viganja ili upae. Uso wa fimbo namba 7 tayari umelala kwa takriban digrii 30. Kazi ya kuupandisha mpira ni yake.

Na kichwa? Bingwa wa gofu Jack Nicklaus alipokuwa kijana, mwalimu wake Jack Grout alimweka msaidizi amshike nywele wakati akipiga. Kichwa kikiyumba, maumivu yalimwambia papo hapo. Nyumbani ukuta unatosha: paji la uso liuguse, mikono ikunjwe kifuani, mabega yazunguke.