Watoto wa Takawiri Wakizuru Kisumu: Waanzie Wapi?

Kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi wa Takawiri na visiwa jirani huuliza swali lile lile: tukiwapeleka watoto Kisumu, tuwaonyeshe nini? Nauli si haba na siku ni fupi, kwa hiyo ni vyema kupanga mapema. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana, pamoja na majibu yangu.

Tusafiri vipi ili watoto wasifike hoi?

Ondokeni alfajiri, ziwa likiwa shwari, kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea tangu anapopanda boti mpaka Mbita, hata kama anajua kuogelea. Kutoka Mbita mnaweza kuzunguka na barabara kupitia Homa Bay, au kuvuka kwa feri hadi Luanda K'Otieno. Kwa watoto napendekeza feri: watasimama ukingoni wakitazama malori na matatu yakipangwa mle ndani, na hilo pekee litawapa la kusimulia.

Kuna pa kupumzikia kabla ya kuingia mjini?

Kwa waliovuka kwa feri, kipo kituo kizuri mno njiani: Kit Mikayi, karibu na barabara ya Bondo kwenda Kisumu. Ni majabali makubwa yaliyobebana, urefu wake unakaribia mita 40. Wasimulieni hadithi ya mzee Ngeso, aliyelipenda jiwe hilo hata akawa anashinda hapo kutwa, mkewe akimpelekea chakula. Wavae viatu vinavyoshika vizuri, na wadogo washikwe mkono. Kwenye mapango ya majabali hayo watu huja kusali na kufunga, hivyo watoto wafundishwe kushusha sauti.

Tukishafika, tuanze na nini?

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Kuna boma la Kiluo lililojengwa kamili: nyumba ya mke wa kwanza ikitazamana na lango, nyumba za wake wenza, ghala za nafaka, na nyumba ya mwana wa kiume karibu na mlango wa boma. Waulizeni watoto ni nini kinafanana na boma la nyanya yao na nini kimebadilika.

Kisha wapelekeni kwenye matangi ya samaki. Mtoto wa Takawiri amezoea kumwona samaki wavuni, juani au sufuriani. Hapa anamwona akiishi: mapezi yakipepea, mashavu yakifunguka na kufungika. Mkimpata kamongo, subirini kidogo. Samaki huyu ana mapafu, na hupanda juu kuvuta hewa. Hapo mtoto atauliza maswali mengi, nanyi msiyakimbie. Nyoka nao wapo, kwa wasioogopa.

Wangu wanataka simba tu. Je?

Nendeni Hifadhi ya Impala, kando ya ziwa, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Ilianzishwa mwaka 1992 na haifiki hata nusu kilomita ya mraba, kwa hiyo miguu midogo inaimudu. Simba na chui wako ndani ya uzio, lakini swalapala hutembea huru, nao watoto hufurahi kumwona mnyama akila nyasi hatua chache kutoka walipo. Mtafuteni pia nzohe, swala wa vinamasi ambaye ni nadra kumwona. Chakula kifungeni mkobani, maana tumbili hunyakua. Hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipiwa kwa mtandao, basi andaeni malipo kwenye simu kabla ya kufika langoni.

Na Dunga, ufukweni mwa Kisumu, inafaa?

Inafaa kwa ndege na mafunjo, hasa asubuhi. Ila msilipie watoto wa kisiwani safari ya boti, kwa kuwa hiyo wanayo nyumbani. Fedha hizo zitumieni kwa chakula kizuri na kiingilio cha mahali pengine.

Kwa siku moja tuzuru mahali pangapi?

Pawili panatosha. Makumbusho asubuhi, mapumziko na chakula kivulini, kisha Impala jua likipungua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta na jua lake ni kali: kofia na maji ya kunywa ni lazima. Mtoto akiburutwa mahali patano, jioni atakumbuka uchovu tu. Kubalianeni pia mahali pa kukutana mtu akipotea, na kila mtoto awe na namba ya simu ya mzazi mfukoni.

Na kama mwaka huu Kisumu haiwezekani?

Msiwaambie watoto kwamba likizo imeharibika. Mfangano, ng'ambo tu ya maji, kuna michoro ya kale ya miambani huko Mawanga na Kwitone, na Makumbusho ya Amani ya Abasuba yanayotunza historia ya watu wa visiwa hivi. Rusinga kuna kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969 akiwa na miaka 38 tu. Watu hutoka mbali kuja kuviona vitu hivi. Ningependa kila mtoto wa Takawiri avijue kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kisumu nayo ataifurahia zaidi, kwa kuwa atafika akiwa na la kulinganisha.