SOMO LA UMEME: Volti za Ajabu kwenye Priza



Nyumba zetu za Jabe, kama Bujumbura nzima, hutumia umeme wa volti 220. Priza nzima ikipimwa huonyesha karibu na hapo. Je, ikionyesha 90, au 300?

1. Vaa viatu vikavu, wala usiguse ncha za chuma za mita. Pima priza ikiwa tupu.

2. Chomeka taa kwenye priza hiyo kwa kigawanyio, washa, upime tena. Zile 90 zikianguka hadi sifuri, waya umekatika. Mita ilisoma umeme hafifu unaovuka kutoka waya wa jirani. Lakini 220 zikishuka sana, kuna kiungo kilicholegea. Hapo hupata joto, na moto huanzia hapo. Zima, umwite fundi.

3. Ikisoma 300, zima swichi kubwa mara moja! Yaelekea waya wa nyutro umekatika mahali nyumba zinapoutumia pamoja. Kati ya fezi na fezi kuna volti 380, na sasa nyumba zinagawana hizo bila usawa: huku taa zawaka kupita kiasi, kule zafifia. Usitegemee fuzi, maana hukata mkondo mwingi, si volti nyingi. Waonye majirani, kisha iarifuni Regideso.

Redio na friji ni jasho la miezi mingi.

Swali la kujadiliana: taa zako zang'aa mno, za jirani zafifia. Utafanya nini kwanza?