Kiungo au Kiunganishi? Suala la Istilahi katika Kemia ya Dawa za Kuharibu Protini

Anayetaka kueleza kwa Kiswahili dawa zinazoharibu protini mahsusi ndani ya seli hukwama mapema, tena kwenye jina la sehemu inayoonekana duni kuliko zote. Molekuli za aina hii zilielezwa mwaka 2001 na Kathleen Sakamoto, Craig Crews, Raymond Deshaies na wenzao nchini Marekani. Ncha yake moja hushika protini inayolengwa. Ncha ya pili hushika kimeng'enya kiitwacho ligesi E3. Katikati pana mnyororo wa atomu. Ligesi ikisogezwa karibu, protini hubandikwa alama za yubikwitini, na proteasomu ya seli huikatakata. Molekuli yenyewe hubaki nzima, ikaenda kukamata protini nyingine.

Mnyororo huo wa katikati uitweje? Neno kiungo ni jepesi ulimini, lakini limekwisha kuelemewa: ni goti na kiwiko, ni bizari na iliki, ni mchezaji wa kati uwanjani. Aidha, umbo lake lenye ki- na kiishio -o, kama kizibo na kifuniko, hudokeza chombo kisicho na hiari. Kiunganishi kimebeba mnyambuliko wa kutendesha (ung-an-ish-) na kiishio -i cha mtenda. Mzegazega nao ungevutia, kwa kuwa una mzigo kila upande. Ila mzegazega hutenganisha ndoo, ilhali mnyororo huu huzikutanisha protini.

Je, mnyororo huo ni mtenda kweli? Ushahidi wa kimaabara unaelekea huko. Ukiwa mfupi mno, protini mbili hugongana na kukataa kukaa pamoja. Ukiwa mrefu mno, ukaribu wenye manufaa hupungua. Molekuli ya MZ1, iliyotangazwa mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, imetengenezwa kwa kiambato JQ1, ambacho chenyewe hakibagui baina ya BRD2, BRD3 na BRD4. Hata hivyo, MZ1 huiharibu zaidi BRD4. Picha ya fuwele ya mwaka 2017 ilionyesha mnyororo wa polietilini glikoli umejikunja, na protini mbili zimegusana moja kwa moja. Mwaka 2019 kundi la Crews lilibakiza ncha zilezile mbili, likabadili urefu wa mnyororo na mahali unaposhikia. Molekuli moja ikaharibu p38α, nyingine p38δ.

Pingamizi lililobaki ni kwamba kiunganishi ni aina ya neno katika sarufi. Pingamizi hilo ni dhaifu, maana mzizi hutumika katika mofolojia na katika botania, wala hakuna mwanafunzi aliyewahi kuchimba kitenzi kwa jembe. Tena ulinganifu wenyewe unafaa. Katika "Alifika lakini waliondoka" na "Alifika kwa hiyo waliondoka", vishazi ni vilevile. Kilichobadilika ni kiunganishi, na uhusiano wote umegeuka.

Kinachohitajika sasa ni vivumishi: kiunganishi nyumbufu kwa minyororo ya polietilini glikoli, na kiunganishi kigumu kwa ile yenye pete za piperazini.