Karela: Chungu Mdomoni, Je, Ni Dawa ya Sukari?

SWALI: Mume wangu ana kisukari. Jirani ametushauri tupande karela. Hulimwaje, na ni kweli inashusha sukari?

JIBU: Karela, tunda chungu linaloliwa kama mboga, hupenda joto. Ndiyo maana nchini Kenya hustawi Kibwezi na Pwani, ambako wakulima huikuza pamoja na mboga nyingine za Kiasia. Mbegu zake zina ganda gumu, hivyo huloweshwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Mche ukianza kutambaa, ujengewe kichanja cha miti na kamba. Tunda linalogusa udongo huoza upesi.

Maua ya kiume na ya kike hutengana, kwa hiyo bila nyuki mavuno huwa haba. Dawa ya wadudu isipulizwe asubuhi maua yanapofunguka! Adui mkubwa ni inzi wa matunda: tunda changa livikwe mfuko wa karatasi, na lililotobolewa lichomwe moto.

Tunda huchumwa likiwa bado kijani, takribani miezi miwili baada ya kupanda. Hukatwa vipande, hutolewa mbegu, hupakwa chumvi nusu saa kupunguza uchungu, kisha hukaangwa kwa kitunguu na nyanya.

Karela ina viambato, kama charantini, vinavyohusishwa na kushusha sukari. Hata hivyo, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012 hayakupata ushahidi wa kutosha kuipendekeza kama tiba. Ni mboga nzuri, basi, wala si mbadala wa vidonge. Anayetumia insulini azungumze kwanza na daktari, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi; naye mjamzito aiepuke.