SOMO LA MWEZI: BEI YA MOTOKAA YA ZAMANI YENYE JINA



Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma karatasi ya mshahara na kuhesabu saa za ziada. Leo tunageukia hesabu ya kuuza. Najua wapo watakaouliza: mchuma chai na bei ya motokaa ya mashindano, wapi na wapi? Jibu ni kwamba motokaa hizo hazikai kwa matajiri peke yao. Dereva au fundi wa shamba akiacha kazi, mara nyingine huuziwa au hupewa motokaa kuukuu ya mwajiri kama sehemu ya kiinua mgongo. Akifariki, motokaa hubaki uani, kuku wanatagia ndani, mpaka siku dalali anapobisha hodi.

Ndivyo ilivyotokea kwa mjane mmoja hapa Gisenyi. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa shamba la chai, akamwachia Peugeot 504 TI ya miaka ya 1970. Dalali akaja akamwambia: "Mama, hii ni chuma chakavu, nitakulipa kwa kilo. Na yale mavyuma ya stoo nitayabeba bure, nikusafishie nyumba." Mama hakukataa wala hakukubali. Alikuja ofisi ya tawi, nami nikaenda na wenzangu wawili wa kamati kuitazama.

Kwanza nieleze tulivyokosea. Marehemu alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Tukatoa stakabadhi zake zote, za matairi, za betri, za rangi, za kurekebisha gia, tukajumlisha, tukaongeza kidogo, tukasema hiyo ndiyo bei. Watu watatu walikuja kuiona, na hakuna aliyerudi mara ya pili. Sisi wa chama tumezoea kudai jasho lilipwe, na katika mshahara tuko sahihi kabisa. Lakini mnunuzi wa motokaa halipi gharama ulizozitoa jana. Yeye anatazama kitu atakachokuwa nacho kesho, na anaweza kukipata kwa nani mwingine kwa kiasi gani. Rangi mpya tuliyoihesabu kwa fahari ndiyo kwanza iliyomtia mashaka mmoja wao: aliuliza imefunika kutu gani.

Basi tuanze upya, tena kwa utaratibu. Kwa nini mtu atake 504 iliyozeeka na aache motokaa mpya? Sababu ni jina, na jina hilo lilitengenezwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na matope. Motokaa iliyomaliza Safari ilikuwa imepimwa kuliko kiwandani. Peugeot 404 ilishinda 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Datsun 240Z ilishinda 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Peugeot 504 yenyewe ilishinda mwaka 1975 na Ove Andersson, na mwaka 1978 ndugu yake, 504 kupe yenye injini ya V6, ikashinda na Jean-Pierre Nicolas. Vijana walioyasikia hayo redioni leo ni wazee, na baadhi yao wana fedha. Tangu mwaka 2003 kuna hata mashindano ya Safari ya motokaa za zamani tu. Hao ndio soko.

Lakini jina peke yake halitoshi. Mwaka 1970 Datsun 240Z iliuzwa Marekani dola 3,526 ikiwa mpya. Januari 2020 moja ya mwaka huo wa 1970 ilinunuliwa mnadani huko huko Marekani kwa dola 310,000. Msishike kichwa, ndugu zangu. Hiyo ilikuwa imetembea maili elfu ishirini na kitu tu, karibu kila kitu chake ni cha kiwandani. 240Z nyingine nyingi huuzwa kwa fedha iliyo mbali sana chini ya hiyo. Anayekusimulia bei ya mnada bila kukusimulia hali ya motokaa amekupa nusu ya habari, na nusu hiyo hudhuru kuliko kukosa habari.

Tukarudi kwa Mama na swali jingine: je, hii ni TI kweli? Herufi za nyuma hununuliwa dukani, kama mnavyoona Subaru zinazobandikwa alama za STI barabarani. Tulimchukua fundi mzee wa Peugeot. Alifungua boneti, akasoma kibati cha kiwanda, akalinganisha namba yake na ile iliyogongwa kwenye bodi, na ile ya kadi ya njano. Zote tatu zililingana. Akalala chini akaona breki za diski magurudumu yote manne. Kisha akatazama injini, akatikisa kichwa. TI ya kweli haina kabureta: ina pampu ya Kugelfischer, ya Ujerumani, inayosukuma petroli kwa mirija minne, kila silinda na wake. Hapo palikuwa na kabureta ya kawaida.

Hilo si jambo la ajabu. Pampu ile inataka fundi anayejua kuipima, na spea zake zilikuwa adimu. Mafundi wengi waliing'oa wakaweka kabureta, motokaa ikaenda vizuri tu. Fundi mzee akauliza: "Iliyong'olewa iko wapi?" Mama akatuonyesha stoo. Ndani ya gunia la majani ya chai, imefungwa kwa kitambaa chenye grisi, pampu ilikuwepo, pamoja na mirija yake. Ndiyo hayo mavyuma aliyotaka dalali kuyabeba bure! Yule bwana alijua alichokuwa anakifanya. Kwa mkusanyaji, TI iliyopoteza pampu na TI yenye pampu yake ya kuzaliwa si motokaa moja, hata kama zote mbili zimezimika.

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe. Ninyi wa mashamba ya chai mnaijua tayari, ila hamjaiita hivyo. Bei ya jani bichi huanzia kwenye bei ya chai iliyokauka, ambayo nyingi yetu huuzwa mnada wa Mombasa. Wanarudi nyuma, wanatoa gharama za kiwanda na usafiri, na kinachobaki kinakuja kwenye kikapu chako. Motokaa ya zamani ni hivyo hivyo: unaanza kule ilipo na thamani, unarudi nyuma mpaka uani.

Tuchukue mfano wa mahesabu tu, si bei ya kweli. Tuseme 504 TI iliyotengenezwa vizuri inauzwa Ufaransa kwa mia moja. Kuitengeneza bodi na injini, thelathini na tano. Kuisafirisha, pamoja na karibu kilomita 1,500 kutoka Kigali hadi bandari ya Dar es Salaam, na meli, na ushuru, ishirini. Faida ya anayehangaika, kumi na tano. Jumla sabini. Imebaki thelathini. Hiyo ndiyo bei ya Gisenyi. Ukidai themanini utakaa nayo, na ukikubali mbili umeibiwa. Bei za kuanzia mtazikuta kwenye matangazo ya simu, lakini andikeni zile zilizolipwa, msiandike zinazoombwa. Anayeomba anaweza kuomba hata mbingu.

Angalieni pia usukani. Sisi Rwanda tunaendesha mkono wa kulia wa barabara, usukani uko kushoto, kama Ufaransa. Kenya, Uganda na Tanzania ni kinyume. Kwa hiyo mnunuzi wa Nairobi atakata kidogo kwenye bei ya 504 yetu, na mnunuzi wa Ulaya hatakata. Upande wa pili, Subaru ya mashindano iliyotoka Uganda ina tabu hapa: mwaka 2005 Rwanda ilikataza kuingiza magari yenye usukani wa kulia. Na ile iliyochomelewa vyuma vya ulinzi ndani haimfai mwenye watoto wa kupeleka shule. Inamfaa mshindani tu, na washindani ni wachache.

Kuna shimo ambalo lilikaribia kutumeza. Kadi ya njano ilikuwa bado na jina la mwajiri wa zamani. Marehemu alipewa motokaa kwa mkono na maneno mazuri, umiliki haukuhamishwa. Bila karatasi, kila mnunuzi alitoa bei ya woga. Tuliandika barua, tukarudishwa, tukaandika tena, na baada ya miezi mitatu hati ya kuachia ikatoka, ndipo Mama akaweza kufuata karatasi za urithi na za mamlaka ya mapato. Katika miezi hiyo mitatu hatukugusa hata nati moja ya injini, lakini thamani ilipanda kuliko kwa kazi yoyote ya garaji. Mwanachama yeyote atakayepewa motokaa kama kiinua mgongo asiondoke na funguo bila umiliki. Alete habari tawini siku hiyo hiyo.

Tuliizuia familia isiipake rangi tena, wala isiisugue sana. Tulipiga picha za kutu ilipo, wazi, na za kibati, na za pampu juu ya gunia lake. Mnunuzi alipatikana mwezi wa nane, mkusanyaji mmoja aliyekuwa akiishi Kigali. Alilala chini ya motokaa saa nzima. Alilipa mara sita ya bei ya dalali, ambayo ilikuwa pungufu kuliko bei yetu ya kwanza ya stakabadhi, na Mama alikuwa wa kwanza kusema hivyo mbele ya kamati. Alitia mabati nyumba na kulipa ada ya watoto wawili. Stakabadhi zenyewe mnunuzi aliziomba, akazichukua zote katika bahasha.

ZOEZI LA KIKUNDI. Mwenzenu ana Peugeot 404 ya baba yake. Injini ni ya asili lakini haiwaki, kadi ina jina la marehemu, sakafu ina kutu upande wa dereva. Dalali ametoa bei na anataka jibu kesho asubuhi. Andikeni maswali matano ambayo mwenzenu lazima ayajibu kabla ya kutaja bei yoyote, na mseme ni lipi la kwanza na kwa nini. Leteni majibu kwenye mkutano wa tawi.